Wa Ngapi, na Anakwenda Wapi?

Kwenye ripoti ya mwisho wa muhula, iwe ya shule ya Peramiho, Mbinga au Namtumbo, kuna mstari mmoja ambao mzazi huutafuta kabla ya kutazama kitu kingine. Alama za Hisabati na Kiingereza zimo kwenye jedwali, maoni ya mwalimu wa darasa yapo chini, muhuri wa mkuu wa shule umepigwa pembeni. Jicho linakwenda moja kwa moja palipoandikwa: nafasi ya 38 kati ya 61. Mtoto anajua atakachoulizwa tangu akiwa njiani. "Umekuwa wa ngapi?" Akishajibu, mazungumzo yamekwisha.

Swali linalopaswa kufuata haliulizwi. Huyo wa 38 anakwenda wapi? Namba hiyo inamfungulia mlango gani, inamfungia upi, na nani ameamua hivyo? Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba hilo ndilo swali lenye uzito, na kwamba kutoliuliza kumewagharimu watoto wengi wa Ruvuma na wa Tanzania nzima. Ili lieleweke, inafaa kutazama mahali ambapo kupanga watu kwa namba ni suala la kufa na kupona, yaani kozi ya marubani wa jeshi.

Katika Jeshi la Anga la Marekani, kwa miongo kadhaa, kijana aliyeingia kozi ya urubani kwenye kambi za Columbus, Laughlin au Vance alianzia kwenye ndege ndogo ya mafunzo. Baada ya miezi kadhaa darasa liligawanywa. Baadhi walipelekwa kwenye T-38, ndege yenye kasi kuliko sauti, iliyowaandaa kurusha ndege za kivita na za mabomu. Wengine walikwenda kwenye T-1, wakajiandaa kwa ndege za mizigo na zile zinazojaza wenzao mafuta angani. Wengine walienda kwenye helikopta. Kilichoamua ni nafasi ya mwanafunzi darasani, orodha ya matakwa aliyoiandika mwenyewe, na mahitaji ya jeshi kwa wakati huo. Mwisho wa kozi zoezi hilo lilirudiwa kwa ajili ya ndege halisi ya kazi. Usiku mmoja darasa zima hukusanyika ukumbini pamoja na wenza na wazazi wao. Jina linaitwa, kijana anasimama mbele ya watu, na ndege atakayorusha inatangazwa hapo hapo.

Namna namba hiyo inavyopatikana ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Haitoki kwenye mtihani mmoja. Kila mara anaporuka, mkufunzi wake humwandikia alama: alivyopaa, alivyotua, alivyozungumza kwenye redio, alivyotulia mkufunzi alipomwambia ghafla kwamba injini imezimika. Kuna safari za majaribio anazopimwa na mkaguzi ambaye si mkufunzi wake wa kila siku. Kuna mitihani ya darasani ya hali ya hewa, mifumo ya ndege na kanuni za anga. Juu ya hayo kuna tathmini ya kamanda wa kundi, ambaye amemtazama kijana huyo kwa miezi na anajua kama anakubali kukosolewa na kama anawasaidia wenzake. Kila kipimo kina uzito wake, na mwanafunzi anajua tangu mapema kwamba vyote vinahesabiwa.

Jeshi la Wanamaji la nchi hiyo, ambalo nalo lina marubani wake, limeongeza jambo jingine. Halimlinganishi mwanafunzi na wenzake wa darasa peke yao, bali na wanafunzi wengi waliopita kwenye kozi hiyo kabla yake, wastani ukiwekwa kuwa 50. Sababu ni haki. Ukiangukia darasa lililojaa vipanga unaweza kuwa wa kumi, na bado ukawa rubani bora kuliko aliyeongoza darasa lililotangulia.

Mzazi wa Peramiho analijua jambo hili hata kama hajawahi kusikia habari za T-38. Mtoto aliyekuwa wa tatu shule ya kata anapata nafasi seminari, anarudi likizo ya Desemba akiwa wa 40, na nyumbani watu wanaanza kunong'ona kwamba amelegea. Hajalegea. Waliokaa naye darasani ndio waliobadilika. Rafiki yake aliyebaki shule ya kata amepanda kutoka wa nne hadi wa kwanza, kwa sababu tu wote watatu waliokuwa mbele yake wamehama. Mmoja analaumiwa na mwingine anasifiwa, na hakuna kati yao aliyeongeza au kupunguza chochote kichwani. Namba ya darasani haina maana mpaka ujue darasa lenyewe ni lipi.

Historia ya marubani ina fundisho jingine kubwa zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilihitaji kwa haraka makumi ya maelfu ya vijana wa kurusha ndege, wa kuongoza njia na wa kulenga mabomu. Mwanasaikolojia John Flanagan na wenzake walitunga mitihani mingi, mingine ya karatasi, mingine ya mikono na miguu kwenye mashine, na kila kijana akapewa daraja kati ya 1, la chini kabisa, na 9, la juu kabisa. Ila hakupewa daraja moja. Alipewa matatu: la urubani, la uongozaji njia, na la ulengaji mabomu. Mtu yuleyule aliweza kupata daraja la 3 kwenye usukani na la 9 kwenye ramani. Kisha, mwaka 1943, wakafanya jaribio la ujasiri. Vijana zaidi ya elfu moja waliingizwa kwenye kozi ya urubani bila kuchujwa kwa alama zao, hata wale wa daraja la chini kabisa, ili ionekane kama mitihani ile ilisema kweli. Ilisema kweli. Wa madaraja ya chini waliondoshwa kozini kwa wingi mno, wa juu wengi wakamaliza.

Jambo hilo la madaraja matatu lingepaswa kusomwa kwenye kila kikao cha wazazi. Jeshi lililokuwa vitani, lisilo na muda wa kupoteza, lilikataa kuwapanga vijana wake kwenye mstari mmoja kuanzia mwerevu hadi mjinga. Liliuliza kwanza: mwerevu wa nini?

Peramiho ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hilo. Watawa wa Kibenediktini walifika hapa mwaka 1898, na kanisa kubwa la abasia, lililojengwa miaka ya 1940, bado limesimama kama ushahidi wa mikono ya waashi na maseremala. Kwa vizazi kadhaa karakana za abasia zimefundisha useremala, umakanika na uchapaji. Hospitali ya Mtakatifu Yosefu ina chuo kinachofundisha wauguzi. Seminari Kuu ya Mtakatifu Augustino inaandaa mapadre. Songea mjini kuna chuo cha ufundi cha VETA. Ndani ya mwendo mfupi wa gari kuna milango mingi ya kuingilia maisha, na kila mmoja unahitaji uwezo wa aina yake. Hata hivyo mtoto wa kidato cha pili anapewa namba moja tu, iliyopatikana kwa kujumlisha Historia, Kemia, Kiswahili na Jiografia na kugawanya. Ukiwa wa 38 kwa wastani huo, hakuna anayejua kama ungekuwa wa 2 kwenye kusoma mchoro wa fundi, au wa 5 kwenye kumtuliza mgonjwa anayeogopa sindano. Hujapimwa huko.

Pale ambapo karakana huchukuliwa kuwa kimbilio la waliofeli, hasara inakuwa mara mbili. Fundi mzuri anakosekana, na aliyeletwa anakuja na aibu.

Tanzania ilikwisha kulifikiria jambo hili, tena kwa uzito. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu, na waende na maoni ya waliowaona wakifanya kazi hiyo. Kuanzia mwaka 1976 maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi yakaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho, na kazi na mwenendo wake vikatazamwa. Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake. Maoni ya kiongozi yaliweza kuwa ya haki, na yaliweza kuwa ya undugu. Kozi za marubani hupunguza hatari hiyo kwa kumpandisha mkaguzi mwingine kwenye kiti cha nyuma, na hicho ndicho kilichokosekana kwetu. Wazo la msingi lilikuwa sahihi: siku moja ya mtihani haitoshi kumjua mtu.

Uthibitisho wa hilo nao ulipatikana kwa marubani. Miaka ya 1960 Daniel Kahneman, mwanasaikolojia ambaye mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, alikuwa akiwafundisha wakufunzi wa jeshi la anga la Israel. Aliwaambia kwamba sifa hufundisha kuliko karipio. Mkufunzi mmoja mzoefu akasimama kupinga: yeye, kila alipomsifu mwanafunzi kwa mzunguko mzuri angani, safari iliyofuata iliharibika, kila alipomkaripia kwa mzunguko mbovu, safari iliyofuata ilikuwa nzuri zaidi. Kahneman akatambua kilichokuwa kikitokea. Safari nzuri mno ina uwezo ndani yake, na ina bahati pia. Kesho bahati haiji, na rubani anarudi kwenye kiwango chake cha kawaida. Safari mbovu mno nayo ina mkosi ambao kesho hautakuwepo. Karipio na sifa havikuhusika kwa namna alivyodhani mkufunzi.

Mwalimu anayemchapa aliyeshuka kutoka wa 5 hadi wa 15, kisha akamwona amepanda hadi wa 8, anaamini fimbo imefanya kazi. Huenda mtoto yule alikuwa na malaria wiki ya mitihani. Darasa likiwa na watu 61, tofauti kati ya wa 20 na wa 30 huenda isizidi alama chache za wastani.

Kuna kipengele kimoja kwenye kozi za marubani ambacho hakina uhusiano na uwezo wa mtu, na ni vizuri kukisema bila kuficha. Jeshi hutoa ndege lilizonazo. Wa kwanza akitaka ndege ya kivita na wiki ile haipo, haipati. Tanzania yenyewe ilipitia jambo hili kwa kiwango cha taifa. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, Jeshi la Wananchi liliundwa tarehe 1 Septemba mwaka huo, na Ujerumani Magharibi ikaanza kusaidia kujenga kikosi cha anga. Mapema 1965 Wajerumani hao wakaondoka, baada ya Tanzania kuiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere kukataa kupangiwa marafiki. Kanada ikashika nafasi hiyo hadi 1970, ikafundisha marubani na kuleta ndege za usafirishaji, zikiwemo Caribou. Baadaye Wachina wakajenga kambi ya Ngerengere na kuleta ndege za kivita, ambazo miaka michache baadaye zilihitajika kwenye Vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Kijana wa Kitanzania wa mwaka 1966 alirusha ndege ya mizigo, na wa mwaka 1973 akarusha ya kivita, kutegemea nani alikuwa rafiki wa nchi mwaka aliomaliza shule.

Mtoto wa Ruvuma naye hupangiwa kwa kiti kilichopo. Anayemaliza darasa la saba hupimwa kwa jumla ya alama 300, na shule za vipaji maalumu kama Kibaha, Mzumbe, Ilboru au Kilakala haziwezi kuwachukua wote wenye daraja A. Anayemaliza kidato cha nne huhesabiwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Akipata kati ya 7 na 17 ni daraja la kwanza. Baada ya hapo machaguo yake, pointi zake na nafasi zilizopo vinakutanishwa TAMISEMI, ofisi inayowapangia wanafunzi shule, na jina linatoka. Hakuna ubaya kwenye hilo. Ubaya uko kwenye ukimya. Tangazo linamwambia amepelekwa shule fulani, tahasusi fulani ya masomo. Halimwambii alikuwa wa ngapi kati ya walioomba shule aliyoitaka, wala wa mwisho aliyechukuliwa pale alikuwa na pointi ngapi. Kijana wa kozi ya urubani akikosa T-38 anajua kwa nini. Kijana wa Peramiho akikosa shule aliyoiombea anaambiwa na jirani kwamba wenzake walikuwa na mtu.

Mara nyingi hakuna mtu yeyote. Ila penye giza, maneno ya jirani ndiyo yanayoaminika.

Mwezi Januari 2023, akitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Athumani Amasi wa Baraza la Mitihani alisema baraza halitatangaza tena shule kumi bora wala wanafunzi bora kitaifa. Hoja ilikuwa kwamba watoto hawasomi kwenye mazingira yanayolingana. Kenya ilikuwa imepiga marufuku orodha kama hizo mwaka 2014. Wapo waliolalamika, na malalamiko yao yanaeleweka: shule ya kijijini iliyopenya kumi bora ilikuwa inaleta heshima ambayo fedha hainunui. Hata hivyo uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ushahidi wake ulipatikana hapa hapa nchini. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza 2013, ulizipanga hadharani shule za msingi kwa ufaulu. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walipofuatilia, waligundua kwamba shule zilizoshika mkia wilayani zilipandisha ufaulu, lakini baadhi zilifanya hivyo pia kwa kupunguza idadi ya watoto waliofika kwenye mtihani. Mtoto dhaifu alikwama njiani ili namba ya shule ipendeze.

Kozi ya marubani haiwezi kufanya hivyo kwa urahisi, kwa sababu namba yake ina kazi moja na muda wake. Inagawa viti. Ikishagawa, haimfuati mtu tena kila aendako: kwenye kikosi kipya, rubani wa ndege ya mizigo anapimwa kwa namna anavyorusha ndege hiyo. Orodha za shule hazikuwa na kazi ya kugawa chochote. Zilipamba mabango ya matangazo.

Lakini kufuta orodha ni nusu tu ya kazi, na hapa ndipo mwandishi anapotofautiana na wanaotaka namba ziondoke kabisa, hata kwenye ripoti ya muhula. Viti vikiwa vichache, lazima mtu apangwe. Ukiondoa namba iliyo wazi, atapangwa kwa namba iliyofichwa, na masikini hana pa kuiulizia. Kenya ina mfano wa karibu wa kuigwa. Chombo chake cha kuwapangia wanafunzi vyuo, KUCCPS, humwonesha mwombaji pointi za mwisho zilizochukuliwa kwa kila kozi mwaka uliopita. Mtoto wa Turkana na wa Nairobi wanaona namba ileile kabla hawajachagua. Anayetaka uhandisi na pointi zake hazifiki anaona ni kiasi gani hazifiki, na anaweka chaguo la pili kwa akili badala ya kubahatisha.

Kuna somo jingine ambalo linauma kidogo. Jeshi la Anga la Marekani huwabakiza baadhi ya wahitimu wake wazuri kozini, wawe wakufunzi wa darasa linalofuata, kabla hawajakwenda kwingine kokote. Wengi hawafurahii siku wanapotajwa, maana walitamani ndege ya kivita. Jeshi linajua kwamba mkufunzi dhaifu mmoja atatoa marubani dhaifu wengi. Tanzania kwa miaka mingi ilifanya kinyume: kozi ya ualimu ya ngazi ya cheti ilipokea waliopata daraja la nne, wakati wa daraja la kwanza wakielekezwa kwingine. Wapo walimu waliotoka kwenye daraja la nne wakawa hodari kupindukia, na vijiji vya Ruvuma vinawajua. Hata hivyo nchi ilikuwa inatuma ujumbe kwa kila mtoto kuhusu kazi ipi ni ya nani, na watoto waliusikia.

Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65. Ni hatua kubwa, na inakaribia ile busara ya madaraja matatu: inakiri kwamba vijana hawafanani. Chaguo la 65 lina faida kwa mtoto anayejua ni shule ipi inalitoa, ina mwalimu wa somo hilo au haina, na mwaka jana aliyeingia wa mwisho alikuwa na pointi ngapi. Asipojua hayo, ataandika kile walichoandika kaka zake.

Yanayoweza kufanyika hayahitaji fedha nyingi. Shule inaweza kuandika kwenye ripoti nafasi ya mtoto kwa kila somo na kwa kazi za mikono, na kuweka wastani wa darasa pembeni, ili baba anayesoma aone kwamba huyu wa 38 ni wa 4 kwenye Fizikia. Inaweza kumlinganisha mtoto na waliopita kidato hicho hicho miaka mitatu iliyopita, kwa kuwa daftari za alama bado zimo kabatini. Wakuu wa karakana, chuo cha uuguzi na VETA wanaweza kualikwa shuleni kidato cha tatu, kabla ya matokeo, waeleze wanatafuta nini, badala ya kusubiri waliokosa kwingine.

Lililobaki ni la TAMISEMI. Kila mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha nne, hufunguliwa dirisha la wanafunzi kubadilisha machaguo yao kwenye mtandao, na vijana wa Peramiho hukaa kwenye vibanda vya intaneti wakikisia. Pointi za waliochaguliwa mwaka uliotangulia, shule kwa shule na tahasusi kwa tahasusi, tayari zimo kwenye kompyuta za Dodoma. Zinaweza kuwekwa hadharani siku ileile dirisha linapofunguliwa, kwenye ukurasa uleule ambao mtoto anabofya jina la shule.